Usaili wa majaribio kwa wanagenzi wa uwakili: kipi ulipie, kipi ukiache

Anayetafuta nafasi ya uanagenzi katika ofisi ya mawakili hukutana na wauzaji kabla hajakutana na msaili. Kuna benki za maswali, kuna programu za kujirekodi kwa video, kuna mitihani ya mazoezi ya kupima fikra, na kuna vikao vya usaili wa majaribio na mtu anayesema amewahi kukaa upande wa pili wa meza. Vyote vinauzwa kwa ahadi ile ile, ilhali kazi vinazofanya hazifanani.

Kipimo kilichotumika katika tathmini hii ni kimoja: je, huduma inakufikisha kwenye swali la tatu? Swali la kwanza, “kwa nini uwakili?” au “tueleze siku uliyofanya kazi ukiwa umebanwa na muda”, kila mwombaji amelifanyia mazoezi. La pili, “kwa nini uliamua hivyo?”, wengi hulivuka kwa kuyumba kidogo. La tatu ndilo linalochuja: “na kama mteja angeukataa ushauri wako?” Hapo hakuna cha kukariri, na hapo ndipo kalamu za jopo huanza kusogea. Mawakili wamezoea kuhoji. Ndiyo kazi yao. Huduma isiyokuhoji kwa namna hiyo inakuandaa kwa usaili wa mahali pengine.

Tuanze na benki za maswali, maana ndizo rahisi kuliko zote na ndizo zinazowaponza wengi. Orodha ya maswali yenyewe haina ubaya. Tatizo ni majibu ya mfano yanayoambatana nayo. Jopo linalosaili watu wanane kwa siku likisikia mara tatu kwamba mwombaji “alivutiwa na utamaduni wa ushirikiano wa ofisi hii”, linajua maneno hayo yametoka kisima kimoja. Nunua kama orodha imepangwa kwa kile kinachopimwa (sababu za kuomba, tabia kazini, maadili, ufahamu wa biashara) na kama kila swali lina maswali mawili au matatu ya kufuatilia chini yake. Kama ina majibu tu, iache. Na ukiinunua, funika majibu hayo usiyaone.

Chukua “kwa nini ofisi hii?”, swali ambalo benki nyingi hulijibu kwa aya moja laini. Jibu lenye mashiko lina vitu viwili vinavyoshikana: jambo la hakika kuhusu ofisi, na jambo la hakika kuhusu wewe linalolihitaji lile la kwanza. Jinsi wanagenzi wanavyozungushwa kutoka idara moja hadi nyingine ni jambo la hakika. Idadi ya wanagenzi wanaopokelewa kwa mwaka pia, kwa sababu kundi la watu watano na kundi la watu themanini hulelewa tofauti: katika dogo utashika jalada la mteja mapema na kuulizwa maswali mapema, katika kubwa utakuwa sehemu ndogo ya kazi kubwa. Wengi hutaja muamala mkubwa waliousoma kwenye tovuti ya ofisi, kisha wanaulizwa, “ugumu wake kisheria ulikuwa nini?” Wananyamaza. Ukitaja muamala, ujue ofisi ilimwakilisha nani, kilichonunuliwa ni hisa au mali, na ni idhini ya nani iliyohitajika ili biashara ikamilike. Bila hayo matatu, usiutaje. Alama kwa benki za maswali: 2 kati ya 5, na hizo mbili ni za orodha.

Programu za kujirekodi kwa video zina faida moja ya kweli: saa isiyosimama. Ofisi nyingi huanza mchujo kwa usaili wa kurekodiwa. Swali hutokea kwenye skrini, unapewa sekunde 30 au dakika moja ya kufikiri, kisha dakika 1 hadi 3 za kujibu, na mara nyingi hakuna kurudia. Kinachokwenda mrama hapa kinatabirika. Mwombaji hutumia dakika nzima kueleza usuli, chama gani, mwaka gani, walikuwa wangapi, na saa inamkata kabla hajasema alifanya nini. Kwa jibu la dakika 2, mgawanyo huu husaidia: sekunde 15 kutoa jibu lenyewe, 20 za usuli, 60 za hatua ulizochukua wewe, na 25 za matokeo pamoja na kile ambacho ungekibadilisha. Programu nzuri hukuruhusu kuweka muda huo mwenyewe, hutoa maswali bila mpangilio, na haina kitufe cha kurudia isipokuwa ukikitafuta kwenye mipangilio.

Usihangaike na alama zinazotolewa na mashine. “Kujiamini asilimia 84” ni kipimo cha sauti, kasi na idadi ya “aaa” ulizotoa. Hakijui kama ulichosema kuhusu mgongano wa maslahi ni sahihi au ni upuuzi. Jitazame mwenyewe mara moja kwa sauti na mara moja bila sauti. Bila sauti utaona kama macho yako yanatembea kushoto na kulia kama ya mtu anayesoma karatasi iliyobandikwa kando ya skrini. Msaili naye huyaona. Kamera iwe usawa wa macho, mwanga uwe mbele yako na si mgongoni, basi, vifaa vingine vya gharama havibadilishi chochote. Kabla ya kujisajili angalia pia kama unaweza kufuta rekodi zako. Zina sura yako, jina lako na majibu yako.

Mitihani ya mazoezi ya Watson-Glaser ni habari nyingine, na hapa pesa inaweza kutumika vizuri. Mtihani huo hutumiwa sana na ofisi za mawakili kupima fikra tunduizi. Toleo linalotumika zaidi katika kuajiri lina maswali 40 kwa dakika 30, yaani sekunde 45 kwa swali, na lina sehemu tano: kukisia kutokana na taarifa, kutambua dhana iliyojificha, kuona kama hitimisho linafuata lazima, kutafsiri, na kupima uzito wa hoja. Hauhitaji kujua sheria. Kwa wengine huo ndio mtego, maana ujuzi wa sheria huwachongea.

Tazama mfano huu. Kauli ya kwanza: wanagenzi wote wa ofisi fulani wamefaulu mtihani wa maadili. Kauli ya pili: baadhi ya waliofaulu mtihani wa maadili hawana leseni ya uwakili. Je, inafuata kwamba baadhi ya wanagenzi wa ofisi hiyo hawana leseni? Anayeifahamu fani atajibu ndiyo, kwa sababu anajua mwanagenzi huwa hajapata leseni. Jibu sahihi ni hapana. Wasio na leseni wanaotajwa wanaweza wote kuwa watu wa nje ya ofisi hiyo; kauli mbili hazisemi zaidi ya hapo. Sehemu ya kupima hoja nayo ina mtego wake: hoja yenye nguvu si ile unayoiunga mkono, ni ile inayogusa swali moja kwa moja na yenye uzito. Na katika sehemu ya kukisia kuna majibu matano, kutoka kweli hadi uongo, na katikati kuna “taarifa hazitoshi”. Wenye haraka hulikimbilia hilo la katikati kila wanapochoka, wakati taarifa zilizopo zinaelekea upande mmoja waziwazi na jibu ni “yaelekea kuwa kweli”.

Kwa hiyo usinunue mtihani wa mazoezi unaokupa herufi sahihi peke yake. Unachokilipia ni maelezo ya kila kosa, na ripoti ya alama kwa kila sehemu kati ya zile tano. Mitihani mitatu kamili inatosha: wa kwanza bila saa, miwili iliyobaki kwa saa. Baada ya hapo utakuwa unazoea mtindo wa muuzaji badala ya mtihani wenyewe. Alama: 4, kama maelezo yapo.

Sasa kikao cha ana kwa ana, ambacho ni ghali kuliko vyote na kinatofautiana kuliko vyote. Kizuri hakina kifani. Kibovu ni mazungumzo ya kupeana moyo yenye risiti.

Kikao kinachostahili bei yake huchukua dakika 75 hadi 90, na huanza siku kadhaa kabla: mkufunzi anakuomba wasifu na fomu yako ya maombi, anavisoma, na maswali yake yanatoka humo. Dakika 40 hivi ni za usaili wenyewe bila kukatizwa kwa maoni. Dakika 20 au 30 ni za zoezi la nyaraka, yaani unasoma bunda la karatasi za mteja kisha unamshauri. Zilizobaki ni za mrejesho, na mrejesho uje na karatasi ya alama, kila jibu limepewa daraja kwa kigezo kilichotajwa, si “ulifanya vizuri kwa ujumla”. Omba kuiona karatasi hiyo kabla hujalipa. Mkufunzi asiyekuwa nayo atakupima kwa hisia zake za siku hiyo.

Sehemu ya tabia kazini ndiyo huonyesha haraka kama mkufunzi anaijua kazi. Akikuuliza kuhusu kosa ulilowahi kulifanya, nawe ukatoa kosa la kujipamba (“nilikuwa nafanya kazi kupita kiasi”), akubane. Akikubali na kupita kwenye swali jingine, pesa yako imepotea. Ofisi za mawakili huuliza hivyo kwa sababu mahususi: mwanagenzi atakosea, na kosa lililofichwa kwa siku mbili linaweza kumfikisha mteja nje ya muda wa kufungua shauri. Jopo linataka kusikia kosa halisi, ulimwambia nani, baada ya muda gani, na utaratibu gani uliubadilisha. Hapo pia usimfiche mkufunzi majibu yako dhaifu ukayabakiza ya kupendeza tu. Mficha uchi hazai.

Maswali ya maadili yawepo, angalau mawili. Yanayojitokeza mara kwa mara ni ya aina hii: umepokea barua pepe ya wakili wa upande wa pili iliyokufikia kimakosa, wakili mbia (mmoja wa wamiliki wa ofisi) anakuomba uandike kwenye waraka tarehe ya wiki iliyopita, mteja anakwambia jambo linaloonyesha alichokiapa mahakamani si kweli, unagundua kwamba kampuni inayoshtakiwa na mteja wenu ni ya mjomba wako. Jibu linaloangusha ni la ushujaa, la mwombaji anayejitwika uamuzi wote peke yake. La pili linaloangusha ni la utii, “nitafanya nilivyoelekezwa”. Katika suala la barua pepe, njia salama ni kuacha kusoma mara unapotambua si yako, kumjulisha msimamizi wako hapo hapo, na kuacha yeye na kanuni za maadili zielekeze nini kiambiwe upande wa pili. Katika suala la tarehe, unakataa kwa adabu ukieleza kwamba waraka unapaswa kuonyesha siku uliyotiwa saini kweli, na unapendekeza njia halali, kwa mfano waraka wenye tarehe ya leo unaotamka kwamba makubaliano yalianza siku ile. Kisha lije swali la tatu: “na wakili mbia akisisitiza?” Mkufunzi mzuri hulifikia hilo. Jibu ni kwamba kuna mtu ndani ya ofisi mwenye dhamana ya maadili au ya usimamizi wa wanagenzi, na unamwendea huyo.

Zoezi la nyaraka ndilo linaloitofautisha huduma nzuri na nyingine zote, kwa sababu halitengenezeki kwa dakika tano. Bunda la kawaida lina kurasa 10 hadi 20, na muda wa kusoma katika usaili halisi mara nyingi ni kati ya dakika 45 na 90, ukifuatiwa na kuwasilisha kwa dakika 10 na kuhojiwa. Tuseme mteja anataka kununua kampuni ndogo. Ndani ya bunda kuna jedwali la mapato, mkataba wa pango la karakana, mkataba na msambazaji mkuu, barua ya mfanyakazi aliyeachishwa anayetishia kushtaki, na ujumbe wa muuzaji unaoharakisha saini ifikapo Ijumaa.

Kosa la kwanza, na ni la wengi mno, ni kuzisimulia nyaraka moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa kurasa. Mteja hakuomba muhtasari. Anza na kinachoweza kuiua biashara: mkataba wa pango una kifungu kinachomruhusu mwenye jengo kuuvunja mkataba huo iwapo umiliki wa kampuni utabadilika. Bila karakana hakuna cha kununua. Kisha kinachogusa bei: sehemu kubwa ya mapato inapitia kwa msambazaji mmoja, na mkataba wake unakwisha miezi michache ijayo. Mwisho kinachogusa muda: Ijumaa ni tarehe ya muuzaji, si ya sheria.

Halafu onyesha unajua tofauti kati ya kununua hisa na kununua mali. Anayenunua hisa anaichukua kampuni pamoja na madeni yake na madai yanayoinyemelea, likiwemo la yule mfanyakazi. Anayenunua mali huchagua anachokitaka na kwa kawaida huacha madeni mengi nyuma, ila mikataba haimfuati yenyewe. Idhini ya upande wa pili inaweza kuhitajika, na katika nchi nyingi wafanyakazi wana kinga zao ambazo hazifutwi na mpango huo. Mwombaji anayesema “nunua mali ili uepuke madeni” na kuishia hapo amesema nusu.

Swali la tatu la zoezi hili ni: “mteja amekusikia, na bado anataka kuendelea. Unamlindaje?” Silaha ziko chache na zinafaa kujulikana kwa majina ya kawaida: kupunguza bei, kumtaka muuzaji atoe uhakikisho wa maandishi kuhusu hali ya kampuni, kumtaka aahidi kufidia hasara mahususi, kama ya shauri la mfanyakazi, kuweka sehemu ya bei mikononi mwa mtu wa tatu hadi muda fulani upite, na kuweka sharti kwamba mauzo hayakamiliki mpaka mwenye jengo atoe idhini yake kwa maandishi. Uhakikisho wa muuzaji ambaye kesho hatakuwa na mali yoyote hauna thamani, na ukilisema hilo kabla hujaulizwa, jopo litatulia vitini.

Wapo wakufunzi wa kuwakwepa. Anayeongea kuliko wewe. Anayekuahidi nafasi. Anayekuandikia fomu ya maombi. Utaulizwa kutoka kwenye fomu hiyo, na sentensi usiyoiandika haikubali kutetewa. Mbaya kuliko wote ni anayekuuzia “maswali halisi ya mwaka huu” yaliyovuja. Hata yakiwa ya kweli, unaingia kwenye fani ambayo uaminifu wako huchunguzwa kabla ya kupewa leseni, na umeanza kwa kununua mtihani.

Vikao viwili vinatosha. Cha kwanza wiki mbili kabla ya usaili, ili uwe na nafasi ya kuyaandika upya majibu yaliyovunjika. Cha pili siku nne au tano kabla. Vifurushi vya vikao sita huuzwa kwa punguzo, lakini kufikia cha nne mwombaji anaanza kujibu kama anayesoma tangazo. Alama: 5 kwa kilicho na karatasi ya alama na zoezi la nyaraka, 1 kwa kisicho navyo. Katikati hakuna kitu.

Asiyeweza kulipa hajapoteza mengi kama wauzaji wanavyodai. Watu watatu wanatosha: mmoja anauliza, mmoja anajibu, wa tatu anaandika alama 1 hadi 4 kwa kila jibu pamoja na sentensi moja iliyokwama, neno kwa neno. Dakika 45, kisha mnabadilishana. Udhaifu wa njia hii ni heshima, marafiki hawabanani. Wekeni kanuni mbili: mwulizaji haruhusiwi kuhamia swali jipya kabla hajauliza mawili ya kufuatilia, na neno “vizuri” ni marufuku hadi kikao kiishe. Zoezi la nyaraka mnaweza kulitengeneza kwa mkataba wowote wa pango na mkataba wowote wa huduma mlio nao: aliyeuandaa afiche kifungu kimoja chenye madhara, na wengine wakitafute kwa dakika 30.

Maswali ya kuliuliza jopo mwishoni hayahitaji kununuliwa. Uliza nani atakayeisahihisha kazi yako ya kila siku, na mwanagenzi anapotoka idara moja kwenda nyingine anaacha majalada yake kwa nani. Usiulize kitu kilichoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti yao.

Na ukiamua kulipia kikao, soma masharti ya kuahirisha. Ofisi za mawakili husogeza tarehe za usaili kwa taarifa fupi, hivyo kikao kisichoweza kusogezwa ndani ya saa 48 kinaweza kukuangukia siku moja baada ya usaili wenyewe. Angalia pia nani anamiliki rekodi, na kama pesa hurudishwa mkufunzi asipotokea. Inashangaza ni waombaji wangapi wa kazi ya kusoma mikataba wanaoweka alama ya “nimekubali” bila kushuka hadi mwisho wa ukurasa.